Majigambo Yaliyoishia Lukaya

Baba mkubwa alikuwa na majigambo yake, na sisi watoto wa Kemondo tuliyajua kama tulivyojua sala ya jioni. Kwenye harusi, ndizi zikishaliwa na rubisi ikishazunguka mara mbili, mzee mmoja angemwita kwa jina la sifa, naye angeinuka polepole, avue kofia, aombe fimbo. Fimbo ilikuwa badala ya mkuki. Angeanza na ukoo, kisha baba yake, kisha kijiji, halafu sauti ingepanda: alivyoitwa mwaka 1978, alivyovuka mto pale Kyaka, alivyoingia Mutukula, alivyoingia Masaka, alivyosimama Lukaya. Kila jina la mahali alilipiga kwa fimbo ardhini. Akifika Lukaya alirudia kwamba alisimama, mara mbili, mara tatu. Hapo watu walipaza sauti, akina mama wakapiga vigelegele, naye akaketi na kuomba kinywaji chake.

Nilichelewa sana kuona kwamba majigambo yale yana kasoro ya hesabu. Lukaya ilipiganiwa tarehe 10 na 11 Machi 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Jeshi letu lilifika mpaka wa Sudan tarehe 3 Juni. Mtu anayejisifu kwa ushindi, kwa nini aache ushindi wenyewe nje ya shairi? Kwa nini aishie kwenye barabara iliyopita katikati ya mafunjo, mwezi mzima kabla ya mji mkuu kutekwa?

Nimelibeba swali hilo kwa miaka mingi, na limenifanya nisome mashairi ya vita kwa namna ambayo huenda si ya haki. Nitafutacho kwanza ni mahali shairi linapokatika.

Katika mazungumzo ya wasomaji wetu husikika hoja kwamba sisi hatuna washairi askari. Waingereza wana Wilfred Owen, wana Siegfried Sassoon, wana Isaac Rosenberg, vijana waliokaa kwenye mahandaki ya Ufaransa wakaandika walichokiona. Sisi, hoja inaendelea, tuna tenzi za ushindi na nyimbo za kumtukana adui. Hoja hiyo inaniudhi, ingawa siwezi kusema ni ya uongo mtupu. Inaniudhi kwa sababu inachukua aina moja ya ushairi, iliyozaliwa mahali pamoja na katika miaka michache, ikaifanya kipimo cha wote waliowahi kupigana na kutunga.

Hata hivyo Owen ni lazima asomwe. Shairi lake la gesi, lile lenye jina la Kilatini lililotoka kwa Horatius wa Roma, lina askari mmoja anayechelewa kuvaa kinyago. Msemaji anamwona kupitia kioo cha kinyago chake mwenyewe, katika mwanga wa kijani, kama mtu anayezama majini. Kisha anatuambia kwamba humwona hivyo kila anapolala. Shairi linajengwa juu ya jambo hilo: mtu mmoja alikufa mbele yangu, mimi nikiwa nimevaa kinyago, na hakuna nililofanya. Hasira ya mwisho, ile ya kuwaambia walio nyumbani waache kuwadanganya watoto, watu huikumbuka zaidi, lakini kwangu ni dhaifu kuliko ule mstari wa ndoto. Hasira ina adui wa kumwelekea. Ndoto haina. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya bunduki kunyamaza, akiwa na miaka 25.

Jambo moja dogo ambalo watu hulisahau: Horatius mwenyewe, aliyesema kwamba kuifia nchi ni kutamu na kunapendeza, alikuwa askari aliyekimbia. Alipigana upande wa Brutus huko Philippi mwaka 42 kabla ya Kristo, upande wake ukashindwa, na katika shairi jingine anakiri kwamba aliiacha ngao yake nyuma. Hivyo uongo ambao Owen anaulaani ulitungwa na mtu aliyejua ukweli wake kwa miguu. Nitarudi kwenye ngao hiyo.

Turudi Kagera kwanza. Wahaya na Wanyambo hawakuwa wakingojea Mzungu awafundishe kwamba mpiganaji anaweza kuwa mshairi. Ebyebugo ni ushairi wa mpiganaji mwenyewe. Hatungiwi na mwingine. Anasimama mbele ya Omukama, anasema yeye ni nani, ni mwana wa nani, alifanya nini na wapi. Mugyabuso Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliwapa wanafunzi wa Kiswahili jina la kivugo, yaani majigambo, na tangu hapo kila mtoto wa kidato cha tatu amelikariri bila kujua limetoka kwa nani. Yunus Rubanza aliandika kitabu kizima juu ya ebyebugo, kikatoka mwaka 1994. Na Mulokozi huyo huyo alikuwa ameshaandika tasnifu ndefu juu ya tenzi za nanga za Wahaya, zile zinazoimbwa na mtu mmoja aliyeshika zeze lake la mbao, zikiwa na mashujaa wanaokwenda vitani na mara nyingine hawarudi.

Kwa hiyo washairi askari tunao, na ni wa kale. Swali la kuuliza ni fani yao inawaruhusu kusema nini.

Kivugo kina kiini kimoja, nacho ni "mimi". Mimi nilikwenda, mimi nilipiga, mimi sikurudi nyuma. Kila tendo lina mtendaji, na mtendaji ndiye anayesema. Mambo yanayompata mtu bila yeye kuyatenda hayana nafasi humo. Njaa haina nafasi. Kuhara hakuna nafasi. Rafiki aliyekatwa miguu na bomu la ardhini anaweza kutajwa, lakini kama sababu ya kisasi tu. Akishatajwa shairi linasonga mbele kwa kasi zaidi. Wakati wa mikuki hili lilikuwa na mantiki yake, maana mkuki unarushwa na mkono unaoonekana, na aliyerusha anaweza kujulikana. Lakini vita vya mwaka 1978 vilikuwa vya mizinga na makombora. Makombora yale yaliyofyatuliwa kwa mfululizo kutoka kwenye malori, ambayo Waganda waliyaita "saba saba", yaliua watu kilomita nyingi mbele ya yule aliyeyafyatua. Nani ajigambe hapo? Aliyebonyeza? Aliyebeba sanduku? Mgambo aliyelala kwenye handaki huku yakipita juu ya kichwa chake?

Baba mkubwa alikuwa mgambo. Alikuwa mkulima wa kahawa, mwenye kibanja cha kawaida, aliyejifunza kulenga shabaha kwenye uwanja wa shule. Oktoba ile ndege za Uganda zilipodondosha mabomu Bukoba, watu wa Kemondo walisikia na kuona watu wa mjini wakimiminika kuja kusini na magodoro kichwani. Ulikuwa unaanza msimu wa senene. Mama yangu hukumbuka vita kwa njia hiyo: mwaka ambao senene waliruka na hakukuwa na wa kuwakamata. Mwisho wa Oktoba majeshi ya Amin yalikuwa yameshika ardhi yote ya kaskazini ya mto, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Mapema Novemba Mwalimu alilihutubia taifa kuhusu nia, sababu na uwezo, na kabla ya Krismasi baba mkubwa alikuwa ndani ya lori.

Sasa tuitazame fani nyingine, utenzi, maana ndiyo iliyopewa kazi ya kuviandika vita hivi. Mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Soma jina hilo tena. Lina sehemu mbili, vita na anguko, na ya pili inaigeuza ya kwanza kuwa njia tu. Vita ni barabara inayokwenda kwenye anguko la mtu mmoja. Jina limerithiwa kutoka kwenye ukoo wa heshima. Hemedi Abdallah al-Buhriy aliandika utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, akiwa upande wa walioshambuliwa. Abdul Karim Jamaliddini wa Lindi aliandika wa Maji Maji. Shaaban Robert, ambaye hakuwa askari bali karani wa serikali, aliandika utenzi mrefu mno wa vita vya 1939 hata 1945, akiviita vya uhuru. Ulichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini tangu 1962.

Utenzi una mizani nane kwa mstari, mistari minne kwa ubeti, mitatu ikiwa na kina kimoja na wa nne ukishika kina kinachopita shairi zima. Kina hicho cha mwisho ni kama mwendo wa miguu. Kila mistari minne mguu unarudi chini palepale. Hakuna fani iliyo bora kuliko hiyo kwa kusimulia jeshi linalotembea, na hakuna iliyo ngumu kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kusimama. Ukitaka kumtazama askari mmoja anayekufa kwa muda mrefu kuliko ubeti mmoja, kina kinakuvuta. Sisemi haiwezekani. Hemedi anapoandika mizinga ya Wajerumani inavyopiga miji ya Mrima, msomaji anaihisi hofu ya watu ambao hawajawahi kupigwa na kitu kama hicho, na nguvu ya utenzi wake inatokana na kwamba hauna ushindi wa kuufikia. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Utenzi wa walioshindwa hauna haraka. Wa walioshinda una haraka ya kufika.

Haraka hiyo ndiyo ninayoilaumu kwenye ushairi mwingi wa vita vyetu, ule uliojaa magazetini na kwenye nyimbo za bendi za miaka ile. Neno lake kuu lilikuwa "nduli". Nduli Amin, nduli huyu, nduli yule. Ni neno zuri la kushairi: fupi, lina kina rahisi, na linauma. Na kwa yale aliyoyatenda Amin kwa Waganda wenzake na kwa watu wetu wa ng'ambo ya mto, alilistahili. Lakini angalia kazi inayofanywa na neno hilo katika shairi. Linachukua jeshi zima la vijana wa watu, wengine waliosombwa kutoka vijijini kama baba mkubwa, na kulifunika kwa jina la mtu mmoja. Nduli akipigwa, hakuna mwingine anayepigwa. Maiti ya kijana wa Kiganda barabarani haimo shairini kwa sababu shairi lina adui mmoja tu, naye yuko Kampala, na baadaye yuko Libya, na baadaye Saudia, ambako alizeeka akafia kitandani mwaka 2003.

Mutukula haikusalimika. Mji ule wa mpakani ulisawazishwa kwa matingatinga Januari 1979, na raia waliuawa. Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu, wameandika hayo kwenye kitabu chao cha 1982, pamoja na jinsi Mwalimu alivyosikitika na kuagiza raia wasiguswe tena. Masaka ilipigwa kwa mizinga hadi ikawa magofu. Mshairi wa Owen hukutana na mtu aliyemuua, huko chini ya ardhi, wakazungumza kama ndugu. Sijasoma shairi letu la Kagera ambamo mtu anakutana na Masaka.

Na hapa kuna jambo ambalo Owen hakuwa nalo. Yeye na Mjerumani wake hawakuwa na lugha moja. Sisi tulikuwa nayo. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu siku za Kings African Rifles, na Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. David Msuguri, aliyeiongoza divisheni yetu kuingia Uganda, naye alianzia KAR, akapigana Madagaska katika Vita vya Pili vya Dunia. Amin alianzia KAR. Walifundishwa kupiga kwata kwa maneno yale yale na kuimba nyimbo zile zile. Upo wimbo wa safari wa KAR, ambao wazee wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania bado wanaujua, unaouliza safari hii ni kwa amri ya nani, kisha unajibu kwa kutaja vyeo. Hakuna damu ndani yake, wala hakuna malalamiko. Lakini ukiufikiria ukiimbwa na watu wanaotembea kwenda Burma, katika bonde la Kabaw mwaka 1944, swali lile ni zito kuliko tenzi kadhaa. Amri ya nani? Jibu ni cheo kwa cheo, na mwimbaji hayumo.

Ukoo huo wa nyimbo ndio uliogawanyika ukakutana Lukaya. Katika vita vya Kagera, mtu aliyepigwa risasi upande wa pili alilia kwa maneno uliyoyaelewa.

Nikitazama nyuma zaidi, nchi hii imeshaandikwa na washairi askari wa kigeni pia, na mara nyingi wameiandika nchi wakamwacha mtu. Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Waingereza, aliteremka na mto Pangani mwaka 1916, akaumwa malaria, akarudishwa, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha mashairi alichokiita kwa latitudo ya hapa kwetu, digrii tano kusini. Kitisho chake kikubwa ni pori lenyewe na homa, na kwa kweli katika vita vile maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Wapagazi waliokufa kwa maelfu, wale ambao jina la Kariakoo ndilo karibu kaburi lao pekee, hawakuacha diwani. Bukoba yenyewe ilishambuliwa Juni 1915 na Waingereza waliokuja kwa meli kutoka Kisumu. Waliulipua mnara wa redio wa Wajerumani, mji ukaporwa, wakapanda meli wakarudi. Angus Buchanan, aliyekuwamo, alivisimulia vita vyake kwa nathari. Watu wa Bukoba wamo humo kama mandhari.

Na Dar es Salaam, kwenye sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, kuna maneno kwa Kiingereza na Kiswahili yanayosema, kwa ufupi, kwamba hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Maneno hayo yanahesabiwa kuwa ya Rudyard Kipling. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea Loos Septemba 1915 na mwili haukupatikana maishani mwa baba yake. Nilipojua hilo, sanamu ilibadilika machoni pangu. Aliyeandika kwamba wana watamkumbuka baba alikuwa baba aliyempoteza mwana. Msiba aliokuwa nao aliugeuza juu chini ili uweze kuwekwa barabarani. Sijui kama ni uongo au ni njia pekee aliyoiweza.

Nimesema nitarudi kwenye ngao.

Tarehe 21 Mei 1996 mv Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa imepita Kemondo usiku, kama kawaida yake, ikapakia watu na ndizi. Kwetu hakukuwa na nyumba isiyojua mtu. Redio ilipokuwa inaeleza, tuliambiwa kwamba meli ilipinduka lakini haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na waokoaji waliwasikia watu waliokuwa ndani wakigonga chuma. Kisha ikatobolewa, hewa ikatoka, ikashuka.

Baba mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Aliniita nimpunguzie redio. Akaniuliza kama nimesikia vizuri, kwamba walikuwa wanagonga. Nikasema ndiyo, baba. Akakaa. Halafu, bila kunitazama, akaniambia habari za Lukaya.

Hawakusimama. Brigedi yao, iliyokuwa na mgambo wengi, ilipigwa makombora na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Mengi ya makombora yalipita juu yao, lakini sauti yake ilitosha. Walikimbia. Vitabu vya historia vinasema hivyo hivyo: mstari ulivunjika tarehe 10, na usiku ule makamanda wakawakusanya watu upya, brigedi nyingine ikazunguka ubavuni, na alfajiri Lukaya ikawa yetu. Kwa hiyo hata wao walirudi, wakapigana, wakashinda. Angeweza kusema hilo na akasifiwa. Hakulisema. Alisimulia kukimbia, ndani ya mafunjo, maji yakiwa kiunoni, na sauti ya mtu aliyekuwa amekwama mahali karibu, hakumwona, akiita kwa Kiswahili. Alikuwa anaomba avutwe mkono. Baba mkubwa hakujua kama ni mwenzake au ni wa upande wa pili, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kijeshi tu, hakikuwa na kabila. Alisubiri kidogo ajue. Kisha akaendelea. Aliporudi kesho yake na wengine, mafunjo yalikuwa yamenyamaza.

Alimaliza kwa kuniambia nimwongezee sauti ya redio.

Sijawahi kusoma shairi la vita, la mtu yeyote, lenye jambo hilo ndani yake: kwamba kusita kwako kulikuwa kwa ajili ya kusikiliza lafudhi. Na sasa ninaposikiliza majigambo yake kichwani, nasikia kwamba hayakuwa na kasoro yoyote ya hesabu. Aliyakata pale pale alipokuwa mwenyewe. Neno "nilisimama", ambalo nililidhani ni la kujisifu, ndilo neno la kweli kuliko yote mle: alisimama kidogo, akasikiliza. Fani haikumruhusu kusema alichokisikia. Lakini ilimruhusu kulirudia neno mara mbili na mara tatu, na kukataa kwenda Kampala.

Inawezekana ninamsoma kupita kiasi. Mhakiki aliyempenda mshairi wake si wa kuaminiwa sana. Pengine aliishia Lukaya kwa sababu ndiko alikojeruhiwa goti, akarudishwa Masaka na baadaye nyumbani, jambo ambalo nalo ni kweli. Lakini hata hivyo angeweza kuiazima Kampala. Wengine kijijini waliiazima. Nimewasikia kwa masikio yangu watu waliokuwa madereva wa malori ya unga wakiingia Kampala kwa mkuki.

Kitu kingine ambacho ushairi wa ushindi ulikifunga mapema ni wakati. Utenzi hufunga kwa jina la mtunzi na tarehe, na tarehe ikishawekwa mambo yamekwisha. Kwetu hayakuwa yamekwisha. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, huku Muleba, na miaka ile ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Wanasayansi wana maelezo yao juu ya ulivyosafiri. Watu wa vijijini hawakutenganisha: askari, mpaka, magendo, Juliana, makaburi kwenye migomba. Beti za vita zingeandikwa na mtu wa Kagera mwaka 1990, sidhani zingeweza kufunga kwa Juni 1979. Nyimbo zilizobeba miaka hiyo zilikuwa za akina mama misibani, nazo hazikuhesabiwa kuwa za vita.

Kaboya, wilayani Muleba, si mbali na kwetu, wamelala askari wa vita vile kwa mistari. Mwaka 2013 Siku ya Mashujaa ilifanyika pale, Rais akiwepo, mizinga ikapigwa. Nilikwenda siku nyingine, siku ya kawaida. Mistari imenyooka sana, sawasawa kama vina. Nilitembea nikisoma majina, na nikajikuta ninayasoma kwa mdundo, mguu ukishuka kila baada ya jina la nne, mpaka nikaona aibu nikasimama.

Baba mkubwa alizikwa nyumbani, kwenye kibanja chake, kati ya mibuni. Kwenye matanga, jioni, mjukuu wake mmoja alisimama akaomba fimbo. Alikuwa ameyashika yote: ukoo, kijiji, Kyaka, Mutukula, Masaka. Alikuwa kijana wa mjini, Kihaya chake kina mapengo, na mahali pawili alichomeka Kiswahili. Akafika Lukaya. Alipiga fimbo chini mara tatu, akasema alisimama, alisimama, alisimama. Watu waliitikia. Mimi nilijua, na niliitikia pamoja nao, kwa sauti.